Chuo cha Kale: Bei si Thamani

Wahenga walinena: usiache mbachao kwa msala upitao. Usemi huu unamfaa mkaazi wa Ndau aliyerithi chuo cha kale, kilichoandikwa Kiswahili kwa hati ya Kiarabu, naye amefikiwa na mnunuzi.

Je, thamani ya chuo hicho hujulikanaje? Mnunuzi hutazama karatasi, wino na nakshi. Msomi huanzia ukurasa wa mwisho, ambapo mnakili huenda ametia jina lake, mji wake na mwaka wa Hijria. Ukurasa wa kwanza nao usipuuzwe: ukionyesha kwamba chuo ni wakfu, basi hakiuzwi kwa bei yoyote.

Kuuza si aibu. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, aliwanakilia tenzi wataalamu wa Ulaya, wakiwemo William Hichens na Ernst Dammann, kwa malipo. Kazi za mkono wake zimehifadhiwa London na Berlin. Hapo pana funzo: nakala yaweza kusafiri, asili ikabaki nyumbani.

Kwa hiyo, kabla bei haijatajwa, chuo kisomwe na mjuzi, kila ukurasa upigwe picha, na habari za waliokimiliki ziandikwe. Lakini ni nani atakayekisoma? Mwanafunzi wa Kiswahili asiyeijua hati hiyo hawezi kumshauri mwenye chuo. Idara zetu ziifundishe. Asiyejua anachouza hupangiwa bei na anayenunua.