Kiti Kizuri Apewe Akaaye Siku Nzima



Siku moja alikuja hospitalini kwetu mama mmoja, karani wa ofisi, amejishika kiuno kwa mikono miwili. "Sista, figo zangu zimekwisha," akasema. (Sisi wauguzi huitwa Sista hata tusio watawa.) Tulimpima mkojo, ukawa safi. Homa hana, presha yake nzuri. Nikamwuliza kazi yake. "Si kazi ngumu, Sista. Ni ya kukaa tu."

Neno hilo "kukaa tu" ndilo lililonifanya niandike makala hii.

Mama huyo hukaa saa nane kwa siku mbele ya kompyuta, juu ya kiti cha plastiki ambacho mguu wake mmoja umefungwa kwa mpira. Kwa miezi minne alikuwa akinunua diklofenaki dukani bila cheti cha daktari. Dawa hiyo ikitumiwa muda mrefu huweza kuleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo. Basi alikuwa akiogopa figo, na huku akizihatarisha kwa mkono wake mwenyewe.

Kati ya pingili za uti wa mgongo kuna vipande laini mfano wa mito. Kwa mtu mzima vipande hivyo karibu havina mishipa ya damu ndani yake. Hupata chakula chake kwa kubanwa na kuachiwa, kama sponji ya kuoshea vyombo, na hilo hufanyika tunapotembea na kujigeuza. Mtu akikaa ameinama kwa saa nyingi, hubanwa bila kuachiwa. Misuli ya kiuno na shingo nayo huchoka kwa kushikilia mwili mahali pamoja. Kukaa ni kazi ya mwili, na kiti ni chombo cha kazi kama jembe lilivyo kwa mkulima.

Lakini tazameni ofisi zetu. Katika ofisi moja niliyofika, kiti kikubwa cha ngozi kilikuwa kimewekwa kwa ajili ya wageni, nailoni ya dukani haijaondolewa. Kilikaliwa mara chache kwa mwaka. Karani alikuwa kwenye benchi. Mimi naona huo si ukarimu. Anayekaa saa nane ndiye apewe kiti kizuri kwanza, na mgeni wa nusu saa hatadhurika na benchi.

Wala simaanishi kiti cha bei kubwa. Hivyo vya ngozi mara nyingi vina kina kirefu mno kwa mwanamke mfupi. Akiegemea nyuma miguu inaning'inia, akisogea mbele mgongo hauna pa kuegemea. Vya plastiki huinamia nyuma, vizuri kwa mazungumzo ya jioni, si kwa kuandika.

Kabla ya kununua, kaa juu yake hadi mgongo uguse egemeo. Nyayo zote mbili zikanyage sakafu, na magoti yawe karibu usawa wa nyonga. Kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti pabaki nafasi ya vidole viwili au vitatu, la sivyo ukingo utabana damu na miguu itavimba. Kisha tazama meza: viwiko vikiwa vimeshuka kando ya mwili, viwe sawa na uso wa meza. Meza nyingi za ofisi zina kimo cha sentimita 72 hadi 75, na kwa wengi wetu ni ndefu, ndiyo maana mabega hupanda na shingo huuma. Ongeza mto mgumu juu ya kiti, na ikiwa sasa miguu haifiki chini, weka kreti ya soda au sanduku la mbao. Kanga iliyoviringishwa, ikawekwa kwenye bonde la kiuno juu kidogo ya mkanda, hufanya kazi ya egemeo la gharama. Kioo cha kompyuta kiinuliwe kwa vitabu hadi ukingo wake wa juu uwe usawa wa macho.

Mtaniambia fedha hakuna. Lakini fundi seremala yeyote aweza kupunguza miguu ya meza kwa msumeno, na kreti mnazo.

Na hata kwenye kiti bora, inuka kila nusu saa, tembea hadi mlangoni na kurudi. Mimi mwenyewe kwa miaka mingi nilijaza vitabu vya MTUHA nikiwa juu ya stuli isiyo na egemeo, nikadhani shingo inakakamaa kwa sababu ya uzee. Siku hizi huandika kurasa chache, nazunguka wodi, ndipo narudi. Wenzangu wananicheka.

Mama yule tulimwachisha vidonge, tukamwonyesha habari ya kanga na kreti. Baada ya wiki tatu alirudi akitembea wima, ingawa maumivu hayajaisha yote.

Si kila kiuno kinachouma ni cha kiti. Mwenye maumivu pamoja na homa, jasho la usiku au kukonda achunguzwe, kwani kifua kikuu hushambulia hata uti wa mgongo. Na mtu ambaye miguu inapoteza nguvu, au sehemu za siri zinakufa ganzi, au mkojo haumtii, huyo asingoje kesho. Aletwe hospitali siku hiyo hiyo.