Rumba nyumbani: orkestra ikae mbele ya msikilizaji

Jioni mjini Kindu, betri ya sola ikiwa bado na nguvu, si ajabu kuona spika mbili zimepandishwa moja juu ya nyingine na sauti imefunguliwa hadi mwisho. Mtaa mzima unasikia, lakini orkestra yenyewe haisikiki.

Rumba ya Kongo, ambayo UNESCO iliiandika katika orodha ya urithi wa utamaduni mwezi Disemba 2021, hujengwa na magitaa yanayojibizana: solo, mi-solo, la kusindikiza na besi. Katika rekodi nyingi za stereo, magitaa hayo hugawanywa kushoto na kulia, mwimbaji akibaki katikati. Spika zikibebana, mazungumzo hayo yanageuka kelele moja.

Wapo wanaotaka kinyume chake: spika katika kila pembe ya chumba, ili muziki uwazunguke. Hilo nalo limezidi. Anayekwenda dansini hasimami kati ya mpiga ngoma na mpiga gitaa. Orkestra iko mbele yake.

Kipimo kizuri ni hiki: spika mbili zitenganishwe, kiti kiwe mbali nazo kwa kadiri ileile, na sauti isivuke ukuta wa jirani. Sebene ikianza, mtu afumbe macho na aweze kuonyesha kwa kidole kila gitaa lilipo. Rekodi za zamani za mono zitatoka katikati tu, na si kosa.

Watoto wanaokua wakisikia kelele moja watalitambuaje gitaa la mi-solo? Spika zisogezwe leo. Kazi hiyo haidai hata faranga moja.