Mbolea ya Mpunga wa Nchi Kavu Ipimwe kwa Nafaka, Si kwa Mifuko

Linapozungumzwa suala la mavuno haba ya mpunga wa nchi kavu, yaani ule unaotegemea mvua bila maji kutuama shambani, jibu la haraka huwa kwamba mkulima aongeze mbolea ya chumvichumvi. Jibu hilo ni nusu ya ukweli. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za nitrojeni. Lakini mwaka 1999 wataalamu wawili wa Marekani, Raun na Johnson, walikadiria kwamba katika mazao ya nafaka duniani ni asilimia 33 tu ya nitrojeni inayotiwa ambayo hufika kwenye punje.

Nyingine huenda wapi? Katika jaruba lililojaa maji udongo hukosa hewa, na nitrojeni hudumu katika umbo la amoniamu, ambalo chembe za udongo hulishika. Udongo wa nchi kavu hupitisha hewa, na bakteria wake huigeuza amoniamu kuwa nitrati upesi. Nitrati ina chaji hasi, na chembe za mfinyanzi nazo kwa kawaida zina chaji hasi. Basi hazishikani, na mvua kubwa ya masika huiteremsha nitrati chini ya mizizi, ambayo katika mche mchanga bado ni mifupi. Aidha, urea iliyoachwa juu ya udongo wenye unyevu huvunjwa na kimeng'enya, na sehemu yake huruka hewani ikiwa gesi ya amonia.

Kwa hiyo ushauri wa mifuko kadhaa kwa eka, usiotaja wakati wala hali ya shamba, ni ushauri pungufu, hata ukitoka kwa Bwana Shamba. Mpunga huhitaji nitrojeni kidogo unapoota, zaidi unapochipuza, na tena unapoanza kuunda suke. Mbolea ya kukuzia na igawanywe ifuate vipindi hivyo, ifukiwe, na ije baada ya palizi. Ikitangulia palizi italiwa na magugu, nayo hayangoji kukaribishwa.

Itapingwa kwamba kazi hiyo huongeza siku za jembe kwa mkulima ambaye palizi peke yake imekwisha mchosha. Pingamizi hilo ni la haki. Lakini mfuko wa pili nao hununuliwa kwa jasho. Na tangu mwaka 2022, Serikali ya Tanzania ilipoanza tena kutoa ruzuku ya mbolea, fedha inayochukuliwa na maji ni ya umma pia.

Shule yenye shamba yaweza kulipima jambo hili kwa mizani na daftari. Vipande vitatu vya mita 10 kwa 10 vyatosha, vyote vikipaliliwa siku zilezile: cha kwanza bila urea, cha pili kilo 1.3 za urea, yaani karibu kilo 0.6 za nitrojeni, siku ya kupanda. Cha tatu kiasi hichohicho kwa mafungu mawili baada ya palizi. Tuseme, kwa mfano tu, vimetoa kilo 15, 18 na 24 za mpunga. Ziada ya kilo 3 ikigawanywa kwa 0.6, kila kilo ya nitrojeni imeleta kilo 5 za mpunga. Ziada ya kilo 9 imeleta kilo 15. Hesabu za kweli zitatofautiana kwa shule na kwa mwaka, ndiyo maana tarehe za mvua ziandikwe kando ya tarehe za mbolea.