SHEIKH, UMENIHARIBIA SOKO!



Bismillaahir-Rahmaanir-Rahiim. Kila sifa njema ni ya Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, Aali zake na Swahaba zake wote. Ama ba'ad:

Ndugu zangu katika imani, wiki iliyopita baada ya darsa ya Maghrib nilichukua dakika kumi kueleza namna ya kuitambua hedifoni feki. Usiku uleule ndugu yetu mmoja anayeuza vifaa vya simu akanitumia ujumbe wa sauti. Ni mtu wa swafu ya mbele, na ninampenda kwa ajili ya Allah. Akasema: "Sheikh, wewe tufundishe dini. Mambo ya hedifoni tuachie wenyewe. Umeniharibia soko."

Ninamjibu hapa hadharani bila kumtaja jina, kwa sababu hayuko peke yake. Soma mpaka mwisho, kisha uhukumu.

KISA KILICHOANZISHA MANENO

Kijana wetu mmoja wa bodaboda alitaka kumnunulia mama yake hedifoni. Mama ni mtu mzima, usingizi umepungua, na usiku hupenda kusikiliza Qur'ani kwenye simu. Lakini chumba ni kimoja cha kupanga, na wajukuu wamelala. Kijana akaweka akiba kidogo kidogo. Akaenda dukani, akaonyeshwa hedifoni yenye nembo ya kampuni kubwa, boksi linang'aa, nailoni haijafunguliwa. Akaambiwa, "Hii ndiyo yenyewe, kaka." Akatoa shilingi 85,000.

Siku ya tisa upande wa kushoto ukafa. Akairudisha. Muuzaji akacheka, akamwambia: "Kaka, hii si ni kopi? Kwa bei hii ulitarajia nini?"

Simama hapo, ndugu yangu. Neno "kopi" muuzaji alilijua lini? Alilijua siku ya tisa? Hapana. Alilijua tangu anafungua mzigo. Alilijua wakati kijana anahesabu noti. Alilificha mpaka fedha zikaingia droo, kisha akalitoa kama ngao ya kukataa kurudisha. Huo ndio ugomvi wangu.

WATHILA NA NGAMIA

Imamu Al-Ghazali katika Ihya ametaja kisa cha Swahaba Wathila bin Al-Asqa' (radhiya Allaahu 'anhu). Alikuwepo mahali ngamia anauzwa kwa dirham 300. Mnunuzi akaondoka na ngamia wake. Wathila akamkimbilia, akamwita, akamuuliza: umemnunua kwa ajili ya nyama au safari? Akajibu, safari. Akamwambia kwamba unyayo wa ngamia huyo una tundu, amelishuhudia kwa macho yake, na hatavumilia mwendo. Mnunuzi akarudi, na muuzaji akalazimika kupunguza dirham 100.

Sasa sikiliza muuzaji alimwambia nini Wathila. Alimwambia ameiharibu biashara yake. MANENO YALEYALE niliyotumiwa mimi usiku ule! Na Wathila akajibu kwamba walimpa Mtume (swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) ahadi ya kumtakia heri kila Muislamu.

Angalia: Wathila hakuwa mwenye ngamia, wala hakuwa mnunuzi. Alikuwa mtu aliyeliona tundu tu. Kuliona kukamlazimu kusema. Basi anayeniambia nifundishe dini niache hedifoni, mwambieni hii NDIYO dini. Aliyeuona unyayo wenye tundu hana ruhusa ya kunyamaza.

UDHURU WANAOUTOA

Udhuru wa kwanza: "Mimi sijadanganya. Hakuniuliza."

Katika Sahih Muslim kuna hadithi ya Abu Hurayra. Mtume (s.a.w.) alipita kwenye rundo la chakula sokoni, akaingiza mkono, vidole vikakuta unyevu. Mwenye mali akasema ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuuweka ule ulioloa juu watu wauone, kisha akabainisha kuwa mwenye kughushi hana nafasi pamoja naye. Je, yule mtu alisema uongo? Hakusema neno. Hakuulizwa na mteja yeyote. Kosa lake lilikuwa kupanga kikavu juu na kibichi chini. Na wewe boksi lako zuri ni kikavu cha juu. Spika ya bei ya chee iliyomo ndani ni kibichi cha chini.

Udhuru wa pili: "Mteja anajua. Kwa bei hii atajua tu."

Kama anajua, ile nembo ya nini? Uza hedifoni isiyo na jina, useme ni ya kawaida, bei yake hii. Nani atakulaumu? Hakuna sheikh aliyesema maskini lazima anunue Sony. Zipo za bei nafuu zenye majina yao wenyewe, kama Oraimo, ya kampuni ya Transsion, hao hao wenye Tecno na Infinix. Kitu cha bei rahisi kinachosema ukweli ni halali na kina baraka. Lakini wewe unajua bila nembo ile huuzi 85,000, utauza 20,000. Basi ile 65,000 umeipata kwa kitu gani? Umeipata kwa uongo ulioandikwa kwenye plastiki.

Zamani mfanyabiashara aliiba kwa mizani. Allah (s.w.) akateremsha Suratul-Mutwaffifiin na kuanza na tishio kali kwa wenye kupunja. Leo mteja haipimi hedifoni kwa kilo, anaipima kwa nembo. Nembo ndiyo mizani ya bidhaa hii. Ukiighushi nembo, umeichezea mizani.

Udhuru wa tatu: "Makampuni yenyewe ni ya makafiri, matajiri. Tukiwaiga kuna dhambi gani?"

Huu ndio mbaya kuliko yote, maana unavishwa kilemba cha dini. Katika Suratu Aali 'Imraan, aya ya 75, Allah amewalaumu watu waliodhani hawana lawama wakila mali ya wasiokuwa wenzao, na akasema wanamzulia Allah uongo. Unataka kuwa nao? Mtume (s.a.w.) siku anahama Makka, washirikina waliokuwa wanamtafuta wamuue walikuwa wameweka amana zao kwake. Akamwacha Ali (radhiya Allaahu 'anhu) nyuma ili kila mwenye amana arudishiwe. Na baraza la kimataifa la fiqhi ya Kiislamu, Majma'ul-Fiqh, lilikaa Kuwait Desemba 1988 na kupitisha kwamba jina la biashara na alama ya biashara ni haki ya mwenyewe, ina thamani ya mali, na haijuzu kuivamia. Miaka hiyo wengi wetu tulikuwa bado tunasikiliza mawaidha kwenye kaseti.

Tena nikuulize: aliyetoa 85,000 ni kampuni ya Japani? Ni mtoto wa bodaboda, jirani yako, anayeswali nyuma yako!

Udhuru wa nne: "Na mimi niliuziwa hivyo hivyo na mwenye mzigo."

Basi na wewe umedhulumiwa, na sheria imekupa khiyarul-'aib, haki ya kurudisha chenye kasoro iliyofichwa. Mrudie aliyekuuzia. Ila hukupewa haki ya kuihamishia hasara yako kwa mtu dhaifu kuliko wewe.

SASA TUTAZAME UNYAYO WA NGAMIA

Mizigo hii ipo Kariakoo, ipo Darajani, ipo barabara ya Luthuli kule Nairobi, na ipo zaidi kwenye kurasa za mitandaoni. Shika haya:

1. Jina na rangi. Kabla ya kwenda dukani ingia tovuti ya kampuni utazame kama modeli hiyo ipo. AirPods za kuchomeka masikioni, tangu Apple ilipozitoa 2016, ni NYEUPE tu. Zenye rangi nyingine ni AirPods Max, zile kubwa za kuvaa kichwani. Ukiuziwa AirPods Pro nyeusi kutoka kiwandani, usibishane, ondoka.

2. Bei. AirPods Pro, Apple yenyewe inaiuza Marekani dola 249. Wewe unaambiwa "orijino" kwa 30,000, ambazo hazifiki dola 15. Tumia akili aliyokupa Allah.

3. Namba ya siriali. Kwenye AirPods iko ndani ya mfuniko wa kikasha cha kuchajia. Iingize kwenye ukurasa wa Apple wa kuangalia waranti. Ikikataa, au ikileta bidhaa nyingine, ni feki. Lakini tahadhari: waghushi hunakili namba ya kweli na kuichapa kwenye maelfu ya feki. Kwa hiyo namba ikikubali, usitosheke. Ziunganishe na iPhone: kuanzia iOS 16 simu hutoa onyo ikishindwa kuthibitisha kuwa ni za kweli.

4. Programu ya kampuni. Sony, JBL, Bose na Samsung wana programu zao za simu. Hakikisha kwanza kwenye tovuti kwamba modeli yako inatumia programu, kisha ijaribu hapohapo dukani. Ikiungana kwa Bluetooth tu na programu ikawa haiitambui, uliza kwa nini.

5. Kuzuia kelele. Kama boksi linadai hedifoni inazuia kelele, toka nayo nje ya duka, simama karibu na jenereta au bajaji inayounguruma. Washa, zima, washa tena. Ya kweli utasikia mngurumo unashuka. Isipobadilika kitu, lile dai la kwenye boksi ni maandishi tu.

6. Uzito. Kampuni kubwa huandika uzito. Sony WH-1000XM4 ni gramu 254. Iweke kwenye mzani mdogo. Ikitofautiana sana, umepata jibu.

7. Sikio lako. Hiki ni kipimo changu mimi: weka kisomo cha qari unayemjua vizuri. Kwenye spika mbovu herufi siin hupiga mluzi kama birika linalochemka, swaad na siin zinakaribia kufanana, na sauti nzito zinavuma kama ngoma ndani ya pipa. Kisha legeza sauti usikilize kushoto na kulia kama zinalingana.

8. Karatasi. Boksi siku hizi hunakiliwa vizuri, usilitegemee. Mwambie muuzaji: "Niandikie kwenye risiti ya EFD jina la kampuni na modeli, na uandike waranti." Huu ndio mkono unaoingia ndani ya rundo. Mwenye kikavu ataandika. Mwenye kibichi utamwona anatafuta kalamu ambayo haipo.

Na usidharau hili: betri ya feki inaweza kukosa kinga ya kuzuia joto kupita kiasi, na kitu hicho kinakaa sikioni mwa mzazi wako au mwanao. Ikipata moto au ikivimba, acha kuitumia mara moja.

NENO KWA WANUNUZI

Usidhani umesalimika. Yupo anayenunua feki akijua, kwa sababu anataka nembo ionekane shingoni. Mtume (s.a.w.) amemfananisha mwenye kujionyesha kwa kile asichopewa na mtu aliyevaa nguo mbili za uongo. Soko la feki lina miguu miwili, na mmoja ni wewe. Siku mteja atakapoona haya kuvaa jina la uongo, muuzaji naye atachoka kuliuza.

Wala usimtuhumu kila mfanyabiashara. Wapo waaminifu wengi, na bei ndogo peke yake si ushahidi juu ya mtu. Hakiki kwanza, kama tulivyoamrishwa katika Suratul-Hujuraat. Ukiwa na uhakika umeghushiwa, dai haki yako kwa ustaarabu. Akikataa, Tanzania kuna Tume ya Ushindani, FCC, yenye kusimamia sheria ya alama za bidhaa. Kenya kuna mamlaka ya kupambana na bidhaa bandia. Kushtaki dhulma si kumfedhehesha Muislamu. Ni kumzuia asiendelee kudhulumu.

NAWE NDUGU YANGU MUUZAJI

Najua una kodi ya fremu, una watoto, na mzigo umeulipia. Sikuandika haya nikiwa sijui njaa. Lakini Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa wauzianaji wawili wakisema kweli na kubainisha, hubarikiwa katika biashara yao, na wakificha na kusema uongo, baraka hufutwa. Hakusema mauzo yatafutwa. Mauzo yanaweza kupanda. Kinachofutwa ni baraka. Ndiyo maana unauza sana na hujui fedha zinakwenda wapi.

Toba yako iko hivi: acha kuagiza, usiuze zilizobaki kwa jina la uongo, na unayemkumbuka mrudishie chake. Usiyeweza kumpata, wanachuoni wamesema umtolee sadaka kwa niaba yake. Anza na yule kijana, duka lake si mbali na lako, na wewe unaweza kumsemesha mwenzako kuliko mimi.

Umesema nimekuharibia soko. Yule muuzaji wa ngamia alipoteza dirham 100 tu, na nyingine 200 alibaki nazo. Afadhali upunguziwe dirham hapa na mwenzako aliyekutakia heri, kuliko kulipwa mama yule kutoka kwenye thawabu za hizo swala zako za swafu ya mbele.

Tunamuomba Allah atupe riziki ya halali, atutosheleze nayo, na azilinde ndimi zetu na mizani zetu. Aamiin.

Mfikishie na mwenzako anayetaka kununua kabla hajalipa.

Wabillaahi tawfiiq. Wassalaamu 'alaykum warahmatullaahi wabarakaatuh.