Kijana Aliyeimba ya Wazee

Mimi nalilelewa chuoni, na gita kwetu lilikuwa kitu cha kufichwa. Hata hivyo nimeitazama sinema ya La Bamba, ya mwaka 1987, iliyoandikwa na kuongozwa na Luis Valdez, wala sioni haya kuitaja.

Ni maisha ya Ritchie Valens, kijana wa Kimarekani mwenye asili ya Meksiko. Jina la ukoo wake, Valenzuela, lilifupizwa ili santuri ziuzike. Lakini asili hakuikata: alitwaa wimbo wa jadi wa Veracruz, pwani ya Meksiko, akautia mdundo wa rokenroli, akauimba kwa Kihispania, hali lugha yenyewe haikumkaa sawasawa ulimini. Tarehe 3 Februari 1959 ndege ilianguka huko Iowa. Akafa yeye, Buddy Holly na wenziwe wawili. Umri wake miaka 17. Ajali haina kinga.

Wazee wenzangu, vijana wetu wakizitia nyimbo za bibi zao katika magita, tutawafukuza? Neno chafu na tulikatae. Lakini asili haipotei kwa kubadili ala. Hupotea kwa kuachwa.