Swali la Mtoto Lisichekwe

Mtu apitaye jioni katika vijiji vya Biharamulo na Ngara, kuanzia Nyabusozi hadi mpakani mwa Rwanda na Burundi, hakosi kuona watoto wakiendesha magari waliyoyaunda wenyewe kwa waya, vizibo na malapa yaliyochakaa. Ataona pia mpira uliofungwa kwa majani makavu ya migomba ukapigwa kamba hadi ukadunda. Kazi hizo hazikufundishwa darasani. Watoto walitazama, wakakisia, wakajaribu, wakakosea, wakarekebisha. Huo ndio ubunifu.

Jambo la kusikitisha ni kwamba kesho yake asubuhi mtoto huyo huyo huketi darasani kimya, akingoja aambiwe la kunakili. Gari lake ameliacha nyumbani, na akili iliyoliunda ameiacha huko huko. Hapana budi sisi walimu, wazazi na watumishi wa umma tujiulize: ni nani aliyemfundisha kunyamaza?

Historia ya elimu nchini mwetu ina mfano mmoja ambao kila mwalimu angefaa kuujua. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa Kidato cha Tatu katika Shule ya Sekondari ya Magamba, wilayani Lushoto. Wanafunzi wa huko walizoea kutengeneza aiskrimu: walichemsha maziwa, wakayatia sukari, wakayaacha yapoe, ndipo wakayaweka katika jokofu. Siku moja nafasi ndani ya jokofu ilikuwa ya kugombea. Mpemba alipoona kwamba akingoja maziwa yapoe atakosa mahali, aliyaingiza yakiwa moto. Yapata saa moja na nusu baadaye alikuta maziwa yake yameganda, ilhali ya mwenzake, aliyeyaweka bila kuyachemsha, bado ni mazito tu kama uji. Alipomwuliza mwalimu wake sababu, aliambiwa kwamba amechanganyikiwa. Jambo hilo haliwezekani.

Kijana huyo hakulitupa swali lake. Alipofika Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu ya sekondari, aliuliza tena. Safari hii aliambiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo fizikia ya walimwengu. Tangu hapo, kila alipokosea jambo, darasa zima lilimtania kwa maneno ya namna hiyo. Hata hivyo alichukua vyombo vya maabara akajaribu mwenyewe kwa maji. Kisha Dk. Denis Osborne, mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alipoitembelea shule hiyo, Mpemba alisimama akauliza huku wenzake wakicheka.

Dk. Osborne naye hakuamini aliyoyasikia, lakini hakulidharau swali. Aliahidi kulijaribu, na aliporudi Dar es Salaam alimwagiza fundi wa maabara afanye jaribio. Fundi alileta habari kwamba maji ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, akaongeza kuwa ataendelea kulirudia jaribio mpaka apate jibu lililo sahihi! Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha habari hizo katika jarida moja la ufundishaji wa fizikia la Uingereza, na hadi leo wanasayansi duniani huliita jambo hilo kwa jina la Mpemba. Wangali wanabishana juu ya chanzo chake, na wengine wanatilia shaka kama hutokea kweli. Lakini wanabishana kwa vipimo, na ubishi huo ulianzishwa na mwanafunzi wa Kitanzania aliyekataa kunyamazishwa.

Ni dhahiri kwamba tofauti kati ya wale waliomcheka Mpemba na yule aliyemsaidia haikuwa ya vifaa. Jokofu lilikuwako Magamba, na maabara ilikuwako Mkwawa. Tofauti ilikuwa katika jibu. Wa kwanza alisema haiwezekani. Wa pili alisema tujaribu. Wala hatujui ni akina Mpemba wangapi waliochekwa mara moja tu wakakaa chini wasisimame tena. Hiyo ndiyo hasara kubwa, nayo haionekani katika ripoti yoyote.

Walimu watajibu, na wana haki kujibu, kwamba madarasa yamejaa. Tangu ada na michango ya lazima ilipoondolewa mwaka 2016, watoto wengi zaidi wameandikishwa shule, na mara nyingi mwalimu mmoja hubeba mzigo wa watu wawili au watatu. Watasema pia kwamba wanapimwa kwa matokeo ya mitihani, wala si kwa maswali ya wanafunzi. Hoja hizi ni za kweli. Lakini kutocheka swali hakuhitaji darasa dogo. Kuliandika swali gumu pembeni mwa ubao, na kuwaachia wanafunzi wiki nzima walichunguze, hakuhitaji fedha. Edward Saidi Tingatinga, ambaye jina lake limekuwa jina la mtindo mzima wa uchoraji, alianza mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa mbao za dari na rangi za baiskeli. Ubunifu mara nyingi huanzia pale vifaa vinapokosekana.

Wazo hili si geni kwetu. Mwaka 1967, katika maandishi yake ya Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alitaka shule zijenge akili ya kudadisi na moyo wa kujiamini. Alitaka pia kazi za shamba la shule ziwe mahali pa kujaribu na kupima. Kwa bahati mbaya, katika shule nyingi jembe lilibaki na udadisi ukaachwa. Mwanafunzi alilima kwa amri kama kibarua, wakati mwingine kama adhabu, bila kuulizwa kwa nini tuta hili limezaa na lile limekauka. Shule ya kijijini ikipanda maharage kwa nafasi za aina tatu, kisha wanafunzi wapime mavuno na kuyaandika, itakuwa imefundisha sayansi, hesabu na kilimo kwa pamoja, na chakula kitaliwa.

Nyumbani nako tunalo jukumu. Wazazi wengi huhesabu kimya kuwa ndiyo adabu, na mtoto aulizaye sana huambiwa ana mdomo. Tunasahau kwamba wahenga walituachia neno kuwa kuuliza si ujinga. Tunasahau pia kwamba mambo ya jioni, yaani vitendawili na hadithi, yalikuwa shule ya fikra: mtoto alitegewa fumbo, akakosea, wakubwa wakacheka pamoja naye, akajaribu tena. Kucheka pamoja na mtoto ni kumtia moyo. Kumcheka ni kumvunja.

Lugha nayo hufunga vinywa. Mtoto wa Ngara anayezungumza Kihangaza au Kishubi nyumbani hujifunza kuuliza kwa Kiswahili katika shule ya msingi. Aanzapo kuzoea, sekondari humtaka aulize kwa Kiingereza. Anayetafuta maneno kwanza huliacha swali lipite. Tume ya Rais iliyoongozwa na Ndugu Jackson Makwetta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kitumike kufundishia sekondari kuanzia mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Hata kama sheria ya darasa ni Kiingereza, mwalimu mwenye busara ataipokea hoja kwa lugha yoyote, kisha amsaidie mwanafunzi kuitafsiri.

Mitaala iliyoboreshwa, iliyoanza kutumika Januari 2024, inataka ujuzi na ubunifu badala ya kukariri. Mashindano ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, yaliyoanza mwaka 2019, nayo yameonyesha kwamba vipaji vipo. Lakini mtaala ni karatasi mpaka mwalimu autie uhai, na mashindano huwafikia wachache. Kazi kubwa ni ya kila siku.

Kwa hiyo, kwanza, kila mwalimu aweke mwiko darasani mwake: swali halichekwi, na asiyejua jibu, akiwamo mwalimu, aseme tutafute. Pili, shule zitenge siku moja kila muhula ambapo watoto wataleta vitu walivyounda, na wazazi waalikwe kuviona. Tatu, wathibiti ubora wa shule na maofisa elimu, wanapoingia darasani, wasikague madaftari tu; wasikilize pia kama wanafunzi wanauliza. Nne, mzazi ampe mtoto nafasi ya kuvunja redio mbovu na kujaribu kuiunda upya, badala ya kumchapa kwa kuigusa.

Udongo uwahi ungali maji. Mtoto wa Nyabusozi aliyeunda gari la waya bila kufundishwa na mtu ametuonyesha anachoweza. Aruhusiwe kuliingiza gari hilo darasani, aulizwe kwa nini magurudumu yake yanazunguka, na apewe nafasi ya kutuuliza nasi.