Kuomba Kusahihishiwa Upya: Tupime Kwanza

Siku matokeo ya mtihani yanapobandikwa ubaoni, chuo hugawanyika makundi mawili: wanaoshangilia na wanaonyamaza. Miongoni mwa hao wanaonyamaza hakosi mmoja ajaye kwetu jioni na kuuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, je, niombe nisahihishiwe upya?" Swali hilo si dogo. Ndani yake mna ada ambayo yamkini mzazi ataipata kwa kuuza mbuzi, na mna kazi ambayo kijana ameitumainia. Twalijadili hapa kwa kuwa ninyi nanyi, mtakapokuwa walimu, mtaulizwa swali lilo hilo na wazazi wa wanafunzi wenu.

Wako wasemao kwamba kuomba hivyo ni kumvunjia heshima msahihishaji. Sisi hatukubaliani nao. Alama si uzito wa gunia uliosomwa katika mizani. Ni hukumu ya binadamu. Mwaka 1913 Daniel Starch na Edward Elliott wa Marekani walitangaza habari za jaribio lao: karatasi moja ya jometri, ya mwanafunzi mmoja, ilinakiliwa na kupelekwa kwa walimu zaidi ya 100. Wako walioipa chini ya alama 30 katika 100, na wako walioipa zaidi ya 90. Na hiyo ilikuwa hesabu, somo ambalo wengi wetu hudhani halina ubishi! Mwalimu mmoja hutazama jawabu peke yake, mwingine huithamini njia, na wa tatu hukata alama kwa uchafu wa kazi. Ndiyo maana mitihani mikubwa huwa na mwongozo wa kusahihishia na wasimamizi wa kuwakagua wasahihishaji. Kwa njia hiyo makosa hupungua, lakini hayaishi.

Hata hivyo, kuwa na haki ya kuuliza si sababu ya kuuliza kila mara. Hapana budi kwanza kutambua ni kosa la namna gani tunalolishuku. Ukurasa uliorukwa, au alama zilizojumlishwa vibaya, ni kosa ambalo likionekana halina mjadala. Insha iliyopewa 11 badala ya 13 ni jambo la maoni, na msahihishaji wa pili aweza kuipa 10. Karatasi ya kuchagua jawabu, iliyosomwa na mashine, ina nafasi ndogo mno ya kubadilika. Basi mwombaji na asome kanuni za mtihani wake: siku ya mwisho ya kuomba ni ipi, ada ni kiasi gani, je, kazi itasomwa upya au alama zitajumlishwa tu, na je, alama yaweza kushuka?

Kisha na litafutwe daftari la maendeleo. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilikataa mwanafunzi apimwe kwa mtihani wa mwisho peke yake. Kazi za kila siku nazo zilipewa uzito. Kazi hizo ndizo ushahidi wetu. Twawakumbuka wanachuo wawili. Wa kwanza alikuwa wa mbele katika kila jaribio la Hisabati, kisha mtihani ukamwangusha katika somo hilo tu. Wa pili alisuasua mwaka mzima, na mtihani ukasema yale yale. Wa kwanza tulimshauri aombe. Wa pili tulimwambia arudi vitabuni, naye akatununia kwa majuma kadhaa. Jibu la yule wa kwanza liliporudi, alama ilikuwa ile ile.

Je, tulimpotosha? Hatudhani. Shauri huamuliwa kwa ushahidi uliopo siku ile, wala si kwa jibu linalokuja baadaye. Tena tulikuwa tumemwonya asikae akilingoja jibu huku vitabu vimefungwa. Alisoma, akarudia mtihani, akafaulu.

Lakini wako wanafunzi wasioweza kushauriwa hivyo, kwa sababu mwalimu wao hakuandika lolote. Daftari ni tupu, majaribio yalisahihishwa kwa haraka, na siku ya msiba hakuna ajuaye kama mtoto ameonewa au amevuna alichopanda. Hapo machozi ndiyo hushika kalamu.

Kwa hiyo, ndugu walimu watarajiwa, anzeni darasani mwenu. Tungeni mwongozo wa kusahihishia kabla ya kugusa daftari la kwanza. Warudishieni watoto kazi zao wazione. Na mtoto wa Darasa la Nne akinyoosha mkono na kusema, "Mwalimu, hapa umenikosesha," msimkemee. Mwiteni mezani, msome naye mstari kwa mstari. Akiwa na haki, mpeni alama yake mbele ya wenzake. Asipokuwa nayo, mwonyesheni sababu. Aliyezoea kuuliza kwa ushahidi katika Darasa la Nne hatababaika siku matokeo makubwa yatakapobandikwa ubaoni.